Kufuli za michezo ya kompyuta zinavyomwacha mnunuzi mikono mitupu

WALIOLIPIA mchezo wa kompyuta wa The Crew walipata pigo maradufu mwaka wa 2024. Kwanza, mnamo Machi 31, kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa ilizima seva zilizouwezesha mchezo huo wa mbio za magari kufanya kazi. Kisha, muda mfupi baadaye, wengi wao walifungua akaunti zao na kukuta leseni imefutwa, hivi kwamba hata kuupakua upya ili wauhifadhi kama kumbukumbu hakukuwezekana.

The Crew ulianza kuuzwa Desemba 2014. Aliyetaka angeweza kuucheza peke yake tangu mwanzo hadi mwisho bila kushindana na mtu yeyote. Hata hivyo, uliundwa kwa namna ambayo ulilazimika kuwasiliana na seva za kampuni kila wakati. Seva zilipozimwa, aliyekuwa na diski ndani ya kasha lake na aliyeupakua mtandaoni walitiwa kapu moja. Wote wawili hawakuwa na kitu.

Kisa hicho ndicho kilichomfanya Mmarekani Ross Scott kuanzisha kampeni ya Stop Killing Games mnamo Aprili 2024. Wakereketwa wa kampeni hiyo hawadai michezo ya bure. Wanachodai ni kwamba kampuni inapochoka kuhudumia mchezo iliouuza, iuache katika hali ambayo aliyeulipia anaweza kuendelea kuucheza.

Itakumbukwa kwamba kufuli hizi hazikubuniwa kwa lengo la kumnyang'anya mteja mali yake. Zilibuniwa kupambana na uharamia, janga ambalo limewatia hasara watunzi wa kazi za sanaa kote duniani. Je, zimefaulu katika vita hivyo? Na ikiwa zimefaulu, ni nani aliyegharimia ushindi wenyewe?

Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa Spore, mchezo uliotolewa na kampuni ya Electronic Arts ya Marekani mnamo Septemba 2008. Ulifungwa kwa programu ya SecuROM, na mnunuzi aliruhusiwa kuuwezesha mara tatu pekee. Aliyebadilisha kompyuta au kuifanyia marekebisho makubwa alihesabiwa kuwa ametumia nafasi moja. Zilipokwisha zote tatu, ilimbidi apige simu kwa kampuni na kuomba ruhusa ya kutumia kitu alichokilipia.

Hasira zilifurika. Katika duka la mtandaoni la Amazon, zaidi ya wateja 2,000 waliupa mchezo huo nyota moja kati ya tano, wengi wao wakilalamikia kufuli wala si mchezo. Kampuni iliongeza idadi ya ruhusa hadi tano, na pia ikafikishwa mahakamani. Maharamia nao hawakuwa na haja ya kupiga simu popote. Kufuli ilikuwa imevunjwa kabla hata ya siku ya uzinduzi, na kufikia mwisho wa mwaka huo tovuti ya TorrentFreak ilikadiria kwamba Spore ulikuwa umepakuliwa kiharamu mara milioni 1.7, ukiongoza michezo yote ya kompyuta mwaka huo.

Kampuni nyingine zingedhaniwa kuwa zimepata funzo. Haikuwa hivyo. Mnamo Machi 2010 Ubisoft iliuza Assassin's Creed II kwa watumiaji wa kompyuta kwa sharti kwamba mchezaji awe ameunganishwa na intaneti muda wote, ingawa mchezo wenyewe ni wa mtu mmoja. Siku chache baadaye seva za kampuni zikashambuliwa na wadukuzi, na wanunuzi halali wakafungiwa nje. Machi 2013 ikawa zamu ya SimCity wa Electronic Arts. Seva zilizidiwa na umati wa wateja katika siku za kwanza, Amazon ikasitisha kwa muda kuuza nakala za kupakua, na kampuni ikalazimika kuwapa wanunuzi mchezo mwingine bila malipo kama kifuta machozi. Ilikuwa imeshikilia kwamba SimCity haungeweza kufanya kazi bila seva. Mwaka mmoja baadaye, Machi 2014, ikatoa namna ya kuucheza bila intaneti.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, mwaka wa 2013 una kisa kingine cha kutazamwa kwa makini. Mei mwaka huo Microsoft ilitangaza mtambo wake wa Xbox One, ikafafanua baadaye kwamba ungehitaji kuwasiliana na makao makuu angalau mara moja kila saa 24, la sivyo michezo ingegoma. Aidha, kuazimana na kuuziana diski kungewekewa masharti. Huduma zenyewe zingepatikana katika mataifa 21 tu wakati wa uzinduzi. Hata Poland, nyumbani kwa watengenezaji wa The Witcher 3, mchezo uliotumiwa kuupigia debe mtambo huo, haikuwa kwenye orodha. Kenya haikutarajiwa kuwemo.

Afisa mkuu wa kitengo hicho wakati huo, Don Mattrick, alipoulizwa kuhusu watu wasio na intaneti ya kutegemewa, alijibu kwamba kampuni tayari ilikuwa na mtambo unaowafaa, yaani Xbox 360, ule wa zamani. Jibu hilo liliiumiza Microsoft kuliko tangazo lenyewe. Washindani wao wa Sony walirekodi video fupi iliyoonyesha namna ya kumwazima mwenzako mchezo wa PlayStation 4: mkuu wa studio zao za michezo, Shuhei Yoshida, alimkabidhi mwenzake kasha, mwenzake akashukuru, basi. Mnamo Juni 19 Microsoft ilisalimu amri na kufuta masharti hayo.

Wanaofahamu vyumba vya PlayStation mitaani jijini Nairobi, ambako vijana hulipia mchezo mmoja mmoja wa kandanda, wataelewa kilichokuwa hatarini. Biashara ya aina hiyo husimama juu ya diski inayoweza kununuliwa ikiwa imetumika, kuazimwa, kubadilishwa na jirani, na kuuzwa tena toleo jipya linapotoka. Kufuli inayoifunga diski kwa mtu mmoja huua uhai wote huo, na hakuna haramia hata mmoja anayeathirika.

Tangu mwaka wa 2014 vita vimehamia kwingine. Kampuni ya Denuvo, yenye makao yake Salzburg nchini Austria, ilileta aina mpya ya ulinzi iliyotumiwa kwanza katika FIFA 15. Kwa kweli Denuvo si kufuli yenyewe bali ni boma linaloizunguka kufuli. Huvuruga sehemu za maagizo ya mchezo kiasi kwamba mdukuzi hawezi kuyasoma kwa urahisi, na huitolea kila kompyuta kibali chake kutoka kwa seva, hivi kwamba kibali cha mmoja hakimfai mwingine.

Jina Denuvo huenda lisimwambie lolote Mkenya wa kawaida, lakini ukoo wake unafahamika hadi sebuleni mwake. Januari 2018 kampuni hiyo ilinunuliwa na Irdeto ya Uholanzi, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikitengeneza teknolojia ya kuzuia matangazo ya televisheni ya kulipia yasitazamwe na wasiolipa. Irdeto yenyewe ilikuwa tawi la MultiChoice, wenye DStv na GOtv, ambayo mwaka wa 2025 iliingia mikononi mwa Canal+ ya Ufaransa. Kwa maneno mengine, nyumba moja ilizima skrini ya asiyelipia king'amuzi na pia ikalinda michezo ya kompyuta ya kampuni kubwa za ng'ambo.

Undugu huo si wa kubahatisha, kwa kuwa mantiki ni ile ile. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa. Mwenye king'amuzi anajua fika kwamba anakodisha. Mwezi ukiisha na hajalipa, picha hukatika, na hakuna aliyemwambia kwamba ligi ya Uingereza ni mali yake. Mnunuzi wa mchezo hubonyeza kitufe kilichoandikwa "nunua", akalipa bei kamili mara moja, huku masharti marefu ambayo hayasomwi na mtu yakisema kwamba amepewa tu ruhusa inayoweza kuondolewa.

Mwanzoni Denuvo iliwatoa jasho maharamia. Januari 2016 kundi la 3DM la China lilikiri kwamba, mambo yakiendelea hivyo, baada ya miaka miwili huenda kusiwe na michezo ya bure ya kupakua duniani. Maombolezo hayo yalikuwa ya mapema mno. Agosti mwaka huo huo boma lilianza kubomolewa, na tangu hapo pande hizo mbili zimekuwa zikipokezana ushindi. Mwaka wa 2017 kampuni ya Tequila Works ya Uhispania iliahidi kwamba ingeondoa Denuvo katika mchezo wake Rime endapo kuna ambaye angefaulu kuivunja. Ilivunjwa chini ya juma moja, na kampuni, kwa sifa yake, ikatimiza ahadi.

Isitoshe, boma lina uzito wake. Resident Evil Village wa kampuni ya Capcom ya Japani ulipotoka Mei 2021, wanunuzi walilalamika kwamba ulikwamakwama katika baadhi ya mapigano. Julai nakala haramu ilipojitokeza, ilibainika kuwa haikuwa na kasoro hiyo. Wataalamu wa Digital Foundry waliipima na kuthibitisha, na Capcom ikatoa marekebisho mwezi huo huo. Kwa muda huo basi, aliyeiba alikuwa na bidhaa bora kuliko aliyelipa.

Ingekuwa rahisi kuhitimisha hapo kwamba kufuli ni upuzi mtupu. Ushahidi haukubali. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2024, uliochunguza michezo 86 iliyolindwa na Denuvo kati ya 2014 na 2022, ulipata kwamba mchezo ukivunjwa katika juma la kwanza la mauzo hupoteza wastani wa takriban asilimia 20 ya mapato yake. Hasara ya kiasi hicho inaweza kuamua iwapo studio itaandika wafanyakazi wapya au itafunga milango. Wenye kampuni hawajitungii vilio.

Lakini utafiti huo huo una upande wa pili ambao watetezi wa kufuli huupitia haraka. Kadiri majuma yanavyosonga, hasara ya kuvunjiwa hupungua, na baada ya majuma 12 karibu haipo. Wenye hamu ya kununua huwa wamekwisha kununua. Ikiwa ni hivyo, kufuli inayosalia mwaka wa tatu, wa tano na wa kumi inalinda nini? Hailindi mapato. Inachofanya ni kumweka mnunuzi katika utegemezi wa seva ambayo siku moja itazimwa. Baadhi ya kampuni zimelitambua hilo. Doom, kwa mfano, uliotoka Mei 2016, uliondolewa Denuvo Desemba mwaka huo huo. Nyingi hazijisumbui.

Wapo walioamua kutofunga kabisa. Marcin Iwiński na Michał Kiciński walianzisha CD Projekt mjini Warsaw mwaka wa 1994, katika nchi ambayo nakala bandia ziliuzwa hadharani sokoni na sheria haikumtisha mtu, hali ambayo aliyewahi kupita River Road akitafuta filamu hahitaji kuelezwa. Walipoleta mchezo wa Baldur's Gate nchini mwao mwaka wa 1999, hawakumfukuza mwenye kibanda. Waliutafsiri kwa Kipolandi, wakawatumia waigizaji maarufu wa nchi hiyo, wakatia ndani ya sanduku ramani, kitabu na diski ya muziki. Mwenye nakala bandia hakuweza kushindana na sanduku hilo.

Mwaka wa 2008 kampuni hiyo ilianzisha duka la mtandaoni la GOG, ambalo huuza michezo bila kufuli yoyote. Mteja hupakua faili, akaziweka popote apendapo, wala duka halimfuati. The Witcher 3, uliotolewa Mei 2015 bila kufuli, ulikuwa umeuza zaidi ya nakala milioni 50 kufikia 2023. Si kila mchezo unaweza kuwa The Witcher 3, na mtengenezaji mdogo asiye na jina hawezi kuegemea uaminifu wa mamilioni ya mashabiki. Hata hivyo, takwimu hizo zinaipa changamoto dhana kwamba mteja asipofungwa ataiba.

Valve, wamiliki wa duka la Steam, walifuata njia ya katikati, na bila shaka ndio walionufaika zaidi. Steam ilianza Septemba 2003, na mwaka uliofuata ikawa lazima kwa kila aliyenunua Half-Life 2, hata aliyeununua kwa diski. Wakati huo ilichukiwa sana. Leo wengi wa wateja wake hawaioni kuwa kufuli, ilhali ndiyo kufuli kubwa kuliko zote, kwani mkusanyo mzima wa michezo ya mtu hutegemea akaunti moja. Kilichobadilika ni huduma: kupakua kwa haraka, bei za punguzo, marekebisho yanayojiweka yenyewe. Mwanzilishi wa Valve, Gabe Newell, alisema mwaka wa 2011 kwamba uharamia aghalabu ni tatizo la huduma mbovu wala si la bei, akatolea mfano Urusi, nchi iliyodharauliwa kama makao ya maharamia lakini ikageuka mojawapo ya masoko makubwa ya Valve barani Ulaya.

Ukarimu huo una mipaka. Mei 2024 wahudumu wa Steam walimweleza mteja aliyeuliza kwamba akaunti haiwezi kurithishwa kwa wasia. Baba anaweza kumwachia mwanawe kabati la vitabu na sahani za santuri. Michezo aliyoinunua kwa miaka 20 huzikwa naye. Kuuza pia haiwezekani. Mahakama ya Paris iliamua Septemba 2019, katika kesi ya shirika la kutetea wateja la UFC-Que Choisir, kwamba watumiaji wa Steam walikuwa na haki ya kuuza upya michezo yao. Mahakama ya rufaa ikabatilisha uamuzi huo Oktoba 2022.

Sheria, kwa jumla, imekuwa upande wa mwenye kufuli. Nchini Marekani, sheria ya hakimiliki ya mwaka wa 1998 iliharamisha kitendo chenyewe cha kuvunja kufuli ya kidijitali, hata kama aliyevunja hakuiba kitu. Maktaba na makavazi zimepewa nafuu chache, ila Oktoba 2024 ombi lao la kuwaruhusu watafiti kutumia michezo ya zamani wakiwa mbali lilikataliwa. Mwaka mmoja awali, shirika la Video Game History Foundation lilikuwa limeonyesha kwamba asilimia 87 ya michezo iliyotolewa Marekani kabla ya 2010 haipatikani tena madukani kwa njia halali. Ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya kumbukumbu hiyo imehifadhiwa na wale wale wanaoitwa maharamia.

Kenya nayo, kupitia Sheria ya Hakimiliki ya 2001, inakataza kuvunja hatua za kiufundi zilizowekwa kulinda kazi ya mtunzi. Lakini Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mteja haki ya kupata habari zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa au huduma anayonunua. Vifungu viwili hivyo havijagongana, ila ni vigumu kuona jinsi kitufe cha "nunua" kinachomaanisha "kodisha kwa muda usiojulikana" kinavyotimiza sharti la Katiba.

California ilichukua hatua kuhusu jambo hilo hilo. Gavana Gavin Newsom alitia saini Septemba 2024 sheria inayoyazuia maduka ya kidijitali kutumia neno "nunua" bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anapata leseni tu. Ilianza kutekelezwa Januari 1, 2025, na haiwahusu wanaomruhusu mteja kupakua nakala ya kudumu isiyohitaji intaneti. Steam haikungoja tarehe hiyo; Oktoba 2024 ilikwisha kuweka ilani kwenye ukurasa wa malipo. Sheria hiyo haimrudishii mtu mchezo wake uliozimwa. Inahakikisha tu kwamba hatadanganywa anapoulipia.

Barani Ulaya wanataka zaidi. Ombi rasmi lililotokana na kampeni ya Scott lilivuka sahihi milioni moja Julai 2025, kiwango kinachoilazimu Tume ya Ulaya kulijibu pindi sahihi zinapothibitishwa na ombi kuwasilishwa rasmi. Muungano wa wenye kampuni, Video Games Europe, ulipinga, ukisema kwamba kuziachia seva mikononi mwa wachezaji kungehatarisha data zao na kuwabebesha wenye hakimiliki lawama za maovu yatakayotendwa humo, na kwamba michezo mingine imejengwa juu ya mtandao tangu msingi. Hoja ya mwisho ina uzito kwa mchezo wa maelfu ya watu kwa pamoja. Kwa mchezo wa mtu mmoja aliyefungwa mnyororo na seva kwa hiari ya kampuni, ni kisingizio.

Ubisoft yenyewe imeonyesha kwamba jambo hilo linawezekana. Kesi ilipowasilishwa California kuhusu The Crew, mawakili wake walijitetea mwaka wa 2025 kwamba wanunuzi hawakuwahi kuuziwa mchezo, walipewa leseni. Ila tayari mnamo Septemba 2024, baada ya kelele kuzidi, kampuni ilikuwa imeahidi kuwa michezo miwili iliyofuata katika mfululizo huo, The Crew 2 na The Crew Motorfest, ingepata namna ya kuchezwa bila intaneti.

Wakati huo huo, hata kasha la dukani linabadilika. Nintendo ilipozindua mtambo wa Switch 2 Juni 2025, baadhi ya michezo iliuzwa kwa kadi ambazo ndani yake hamna mchezo, bali ufunguo tu wa kuupakua. Kadi hiyo inaweza kuazimwa na kuuzwa tena, jambo ambalo akaunti ya mtandaoni hairuhusu, lakini itakuwa na thamani kadiri seva za Nintendo zitakavyokuwa zikifanya kazi. Angalau ilani imechapishwa upande wa mbele wa kasha, pale mnunuzi anapoweza kuiona kabla hajatoa pesa mfukoni.